Mwezi Ukiandama Jumanne

Ismaël wa Ramazani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa sokoni Kasongo: alipenda kupanga. Wenzake walipomaliza shule walitupa madaftari uvunguni, wakaenda kuomba ukarani kwenye kampuni ya pamba. Yeye alichukua chaki, akaufunga mlango wa duka la baba yake kwa ndani, na kwenye ubao wa mlango ule akaandika miezi kumi, kuanzia wa tisa mpaka wa sita. Mbele ya kila mwezi aliandika karatasi inayotakiwa.

Karatasi zenyewe zilikuwa za bursi, yaani msaada wa serikali wa kumpeleka kijana chuo kikuu. Maombi yalitakiwa yafike Bukavu kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa sita, na asiyejua mwendo wa barua katika nchi ile ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, na aulize. Lori la posta liliondoka Kasongo mara moja kwa wiki, Jumamosi saa mbili asubuhi. Baada ya hapo kulikuwa na kivuko, na gari-moshi, na lori jingine, na vumbi. Wiki tatu. Ukilikosa lori la tarehe nane, maombi yako yatafika wakati wenzako wamekwisha kuchaguliwa.

Ismaël aligawanya karatasi zake kama mama anavyogawanya chakula: za kukaa na za kuoza. Ripoti za shule hazikuwa za kuoza, kwa hiyo alizitafuta mwezi wa kumi. Cheti cha kuzaliwa vilevile. Kwa kuwa alizaliwa huko Wamaza, upande wa Kabambare, kwa wajomba zake Wabangubangu, mwezi wa kumi na moja alipanda baiskeli mpaka Kabambare kukitafuta, kabla mvua kubwa hazijachukua madaraja. Alirudi ana matope mpaka kwenye nyusi, cheti kimefungwa ndani ya ngozi ya mbuzi, kikavu. Cheti cha daktari kilikuwa cha kuoza: miezi mitatu, kisha hakina thamani. Hicho alikipangia mwezi wa nne. Na ya mwisho, mwezi wa tano, ilikuwa ruhusa ya mzazi, ambayo mzazi huitilia alama ya kidole mwenyewe mbele ya karani wa teritwari, yaani ofisi ya wilaya. Nayo ilikuwa ya kuoza. Aliiweka mwisho kabisa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote.

Mzee Ramazani alipousoma mlango wake alicheka mpaka akakohoa. "Kidole yangu itaenda wapi?" alisema. "Iko hapa, inakungoja."

Tarehe mosi ya mwezi wa pili, baada ya homa ya siku nne, Mzee Ramazani akafa. Hilo halikuwa limeandikwa mlangoni.

Sitaki kuusimulia msiba ule, kila nyumba ina wake. Niseme tu kwamba mama yake Ismaël, Mama Subira, alivuliwa vipuli na bangili, akavishwa nguo nyeupe, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ya ua, haonwi na wanaume wasio wanawe wala ndugu zake. Katika mtaa wa Waislamu wa Kasongo jambo hilo halikuwa la kubishaniwa, na Mama Subira mwenyewe alikuwa wa mwisho kutaka kulibishania. Alimpenda mumewe. Alisema atamkalia eda yake kamili, hata saa moja haitapungua.

Ismaël akaigeukia njia nyingine, akamwendea kaka mkubwa wa baba yake, Bulaimu. Huyu alikuwa mtu mrefu, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Nyangwe, aliyesifika mjini kwa jambo moja: hakusema uongo. Hata samaki wake wakianza kunuka alimwambia mnunuzi. Bulaimu hakukataa. Alisema ngoja arobaini ipite. Arobaini ikapita, akasema ngoja Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, akasema ngoja Idi. Mlango ulikuwa ukimtazama Ismaël kila asubuhi, na miezi ilikuwa ikiisha.

Jumatatu ya tarehe ishirini na saba ya mwezi wa tano, Bulaimu alisema wazi. Alikuwa akifunga samaki kwenye baiskeli, safari ya Nyangwe na kurudi ilikuwa mbele yake.

"Baba yako amekufa, sasa na weye uende? Nani atabaki ku duka? Ngoja mwaka ujao."

"Mwaka ujao umri wangu itakuwa imepita, baba mukubwa. Hawatanipokea tena."

"Basi Mungu hakuandika." Alikaza kamba. "Sikia. Mutu akiniuliza juu yako, nitajibu ile ninajua. Sikatae kukushuhudia. Lakini kusema 'enda', kwa mudomo yangu hii, hapana."

Ismaël alikwenda mbio ofisini kwa karani wa teritwari, Marcellin. Karani huyu alikuwa Mkristo wa upande wa misioni, ana miwani na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya heshima. Alimsikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Ndugu, sharti ni sharti. Baba amekufa, basi mama. Mama hakuje, basi mukubwa wa ukoo ya baba. Na chini hapa inatakiwa mutu mumoja wa ukoo ashuhudie tabia yako. Wote wawili mbele yangu."

"Kitabu ya kutilia kidole haiwezi kuja nyumbani?"

"Kitabu haitoke mu ofisi hii, hata Papa wa Roma akiwa mugonjwa."

Kilichobaki kilikuwa hesabu. Ismaël alirudi dukani, akaitazama kalenda ya Mapadri iliyotundikwa ukutani, kila siku na mtakatifu wake. Kutoka tarehe mosi ya mwezi wa pili, miezi minne: tarehe mosi ya mwezi wa sita. Siku kumi: tarehe kumi na moja, Jumanne. Lori lilikuwa linaondoka Jumamosi, tarehe nane. Alihesabu tena kwa vidole, kisha kwa punje za mpunga, kana kwamba punje zingekuwa na huruma kuliko vidole. Ilikuwa siku tatu. Mwaka mzima wa kupanga, na baiskeli ya Kabambare, na matope yote yale, vyote vilikuwa vinakufa kwa siku tatu. Alikaa juu ya gunia, akalia kwa hasira.

Kesho yake mchana alimpelekea mama yake chakula. Alikuwa amemficha habari zote, kwa kuwa kila aliyeingia chumba kile alikwenda na machozi yake, naye hakutaka kuongeza. Lakini macho ya mama hayafichwi kitu.

"Una siku mbili hukuli," alisema Mama Subira. "Sema."

Akasema. Alimaliza na zile siku tatu.

"Umehesabu na nini?"

"Na kalenda, mama. Ile ya ku ukuta."

Mama Subira alimtazama, halafu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, kifupi, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mutoto wangu, elimu yote hii! Eda haihesabiwe na watakatifu wa Mapadri. Inahesabiwa na mwezi wa Mungu. Baba yako alikufa siku ya kwanza ya Rajabu. Rajabu ikaisha, Shaabani ikaisha, Ramadhani ikaisha, nikala Idi humu peke yangu. Leo tuko ishirini na tisa ya Mfungo Mosi. Mwezi ukiandama leo magharibi, miezi yangu mine imetimia. Siku kumi zitaisha Ijumaa jua likizama. Jumamosi asubuhi niko mutu huru."

Mwezi wa mwandamo ni siku ishirini na tisa au thelathini, mtoto yeyote wa madrasa anajua, naye alijua. Alikuwa amejua tangu ana miaka sita. Ila alipoanza kupanga mambo ya Wazungu alipanga yote kwa kalenda ya Wazungu, na eda ya mama yake akaitia humo humo.

"Na usipoandama?"

"Basi tutatimiza thelathini, na mimi nitatoka Jumamosi jua likizama."

"Lori itakuwa imekwenda."

"Itakuwa imekwenda," alikubali Mama Subira. "Miye sitamwibia baba yako siku. Nenda ukatazame."

Saa kumi na mbili kasorobo Ismaël alikuwa amesimama kwenye uwanja wa pamba, mahali penye uwazi kuliko kote mjini. Mvua za mwisho zilikuwa hazijaaga. Jua lilizama nyuma ya mawingu mazito, meusi chini, mekundu juu. Alikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Alijaribu kulitazama wingu kwa pembe, kwa chini, kwa jicho moja. Hakuna. Upande wote wa magharibi ulikuwa umezibwa kama ukuta. Akainamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake na nyuzi za pamba zilizokanyagwa matopeni, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Kwa mwezi kama ule, ambao si wa kufunga wala wa kufungua, mtaa ulizoea kuridhika na neno la Mwislamu mmoja. Hakuna aliyeutazama isipokuwa yeye. Nani angejua?

Msikitini, baada ya sala, Mwalimu Yakubu aliwageukia watu. Alikuwa mzee mpole, nusu kipofu, ambaye kwa miaka mingi aliuandikia mtaa wote miezi yake.

"Kuko mutu ameona mwezi?"

Mtu mmoja akakohoa. Ismaël alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba.

"Nimeuona, Mwalimu."

"Wapi?"

"Magharibi. Chini kidogo."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

Mwalimu Yakubu alifikicha ndevu zake. Alikuwa anataka kusema neno, ndipo mlangoni akaingia mtu mrefu, amechafuka vumbi na matope, harufu ya samaki imemtangulia. Alikuwa Bulaimu, ametoka Nyangwe, ndiyo kwanza ameshusha mzigo wake. Alivua viatu taratibu. Ismaël akamkazia macho, kwani mtu yule alikuwa na sababu zote za kutotaka mwezi uonekane.

"Mwalimu," alisema Bulaimu, "nimeuona mwezi. Nilikuwa ku njia ya Nyangwe, juu ya mulima ya kuingilia mji. Mawingu yalifunguka kidogo, sawa mulango ya kuku, nikauona, yakafunga." Alipangusa matope ya mkono. "Ningependa nisiuone. Lakini nimeuona."

"Wawili basi," alisema Mwalimu Yakubu. "Kesho ni Mfungo Pili mosi."

Watu walitawanyika. Bulaimu alisukuma baiskeli yake, na Ismaël akatembea kando yake kwa kuwa hakuweza kukimbia. Walipita nyumba tatu, nyumba nne.

"Ulisimama wapi kutazama?" aliuliza Bulaimu.

"Ku uwanja wa pamba."

"Ndiyo. Nilipita hapo. Nikakuona." Gurudumu lililia, akalisimamisha, akaliangalia, akaendelea. "Ulikuwa unatazama chini."

Walipofika kwenye njia panda alikata kushoto, akaenda zake.

Siku kumi zile, wasomaji wangu, msimwombee hata adui. Jambo alilolitaka Ismaël lilikuwa limepatikana, tena kwa haki, kwa macho ya mtu wa kweli. Hata hivyo chakula hakikushuka. Karatasi ilikuwa inataka mtu wa ukoo ashuhudie tabia yake, na mtu mwenyewe alikuwa Bulaimu. Wajomba walikuwa huko Wamaza, mbali. Mara mbili alikwenda mpaka uani kwa baba yake mkubwa aseme neno, na mara mbili alirudi baada ya kusalimia. Alimwona akipima samaki, akimwambia mama mmoja, "Hii usinunue, imeanza kuharibika." Ismaël akajiona yuko ndani ya kapu lile.

Ijumaa jua lilipozama, wanawake walimwosha Mama Subira, wakampaka mafuta, wakamvisha kitenge kipya. Alfajiri ya Jumamosi alitoka nje ya ua kwa mara ya kwanza, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau ukubwa wa mbingu. Bulaimu alikuwa amekwisha kufika kumsindikiza, kwa kuwa mjane hatoki siku ya kwanza bila mwanamume wa ukoo wa mume. Alikuwa amevaa kanzu safi. Hakumtazama Ismaël.

Ofisi ilifunguliwa saa moja na nusu. Ng'ambo ya barabara, mbele ya posta, lori lilikuwa linapakiwa. Marcellin alifungua kitabu, akalainisha karatasi, akashika mkono wa Mama Subira kwa adabu na kukipaka kidole gumba wino mweusi.

"Ngoja kidogo, mama. Kwanza shahidi." Akamgeukia Bulaimu, akatafsiri maneno ya Kifaransa huku akiyafuata kwa kalamu. "Karatasi inauliza: kijana huyu iko na tabia njema? Ni mutu wa kweli, neno lake linaaminika?"

Bulaimu akainamisha macho mezani.

Kwanza Marcellin alidhani hakusikia, akarudia. Bulaimu hakuinua macho. Ng'ambo, dereva wa lori akapiga mtambo, ukakohoa, ukazima. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi na tano. Mama Subira, kidole chake kikiwa hewani, alimtazama shemeji yake, kisha mwanawe. Ismaël aliona jinsi mambo yatakavyokuwa. Mtu yule hatadanganya. Atasimama pale, kimya, mpaka lori liondoke, na wala hatamtaja mtu kwa ubaya. Au atasema, na kalamu itaandika. Angeweza kumwambia karani kwamba mzee ana haya, kwamba haelewi swali. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Akaona jinsi lilivyokuja upesi, akaogopa.

"Baba mukubwa, ngoja," alisema. "Nitasema miye. Mwezi sikuuona. Siku ile mu musikiti nilisema uongo."

Marcellin, ambaye hakujua habari yoyote ya mwezi, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

Mama Subira aligeuka polepole. "Ulitaka kunitoa mu eda ya baba yako na uongo?"

"Ndiyo, mama."

Kofi lile lilisikika mpaka barazani. Alimpiga kwa mkono ule ule wa wino. Halafu, bila kupumzika, akamgeukia Bulaimu, kwa kuwa sasa alikuwa anauliza juu ya siku zake na marehemu wake.

"Shemeji. Na weye? Uliuona?"

"Niliuona, Subira. Wallahi niliuona. Eda yako ni nzima."

Mama Subira akamnyooshea Marcellin kidole. "Paka tena," alisema. "Wino imebaki ku shavu yake."

Marcellin akapaka tena. Kidole kikashuka kwenye karatasi, kikakaa, kikainuka, na alama ikabaki pale, nyeusi, safi. Kisha karani akamtazama mzee.

"Na weye, baba? Niandike nini?"

"Jana ungeniuliza, ningesema hapana," alisema Bulaimu. "Siku kumi nilikuwa nangoja neno hii, nikaona haitakuja. Leo andika ndiyo." Akasugua paji la uso. "Na sijafurahi kwamba anaenda. Hiyo usiandike."

Kalamu ilikwaruza. Muhuri ukagonga mara mbili. Ismaël aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitia ndani ya bahasha pamoja na zile nyingine, akavuka barabara mbio. Lori lilikuwa limekwisha kuwaka na kuanza kurudi nyuma. Karani wa posta alikuwa anafunga mfuko wa barua kwa kamba. Aliifungua kamba huku akinung'unika, akaitumbukiza bahasha, akamtazama kijana usoni, akaona alama za vidole vinne na gumba la wino limechapwa shavuni.

"Nani amekupiga muhuri?"

"Mama yangu."

"Kwa sababu gani?"

Lori lilipiga honi, likakata kona ya misioni, vumbi likapanda. Ismaël alimwambia sababu yake, yote, tangu mwanzo. Kisha akarudi nyumbani kwa njia ya sokoni, mchana kweupe, bila kunawa uso, na kila aliyemwuliza alimwambia.